Mbwa Aliyeitika Kila Mluzi

Chini ya kitanda changu cha bweni nilikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa udongo. Msichana niliyeishi naye chumba kimoja, mtu wa Meru ambaye kicheko chake hakikuwa mbali kamwe, aliligundua wiki ya kwanza ya muhula.

"Unapanda nini humu?"

"Sipandi kitu."

"Haya. Sukuma ikiota uniite, mimi nitaleta unga."

Nilicheka naye, lakini sikumweleza. Udongo ule ulikuwa wa kunawia. Katika dini yetu, kama tulivyofundishwa, mate ya mbwa yakikugusa unaosha mahali pale mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, na mwaka ule wa tatu chuoni nilikuwa nikisoma tabia za wanyama, somo ambalo nusu yake ilikuwa mbwa. Kila baada ya mazoezi nilijifungia bafuni na kopo langu. Mtu mwingine angeosha mara saba akatoka. Mimi nilifika ya tano, nikaanza kujiuliza kama ile ya tatu ilifika kwenye kiwiko, nikarudi mwanzo. Siku nyingine nilitoka mikono imechubuka na foleni ya wasichana ikinisubiri mlangoni na ndoo zao.

Mama alilijua tatizo langu tangu nikiwa mtoto Garissa, nilipokuwa narudia udhu mpaka wakati wa swala unapita. Aliliita waswasi. Alisema ni shetani anayewachezea watu wanaotaka kumpendeza Mungu kuliko walivyoagizwa. Kuhusu masomo yangu, aliwaambia majirani kwamba binti yake anasomea udaktari wa ng'ombe na ngamia. Ndivyo nilivyomwambia mimi mwenyewe. Ile sehemu ya mbwa niliiruka.

Mhadhiri wetu wa somo hilo alikuwa mzee mpole aliyefuga mbwa wanne katika vibanda nyuma ya maabara. Katika zoezi la kwanza alitupanga mstari, kila mmoja anyooshe mkono mbwa anuse. Zamu yangu ilipofika, pua ile yenye majimaji ilinikaribia nikauvuta mkono mpaka ukajificha ndani ya mtandio.

"Wewe utawatibu kwa simu?" akaniuliza.

Darasa likacheka. Hakuwa na ubaya. Nina hakika kufikia saa sita alikuwa amesahau. Mimi nililibeba neno lile kila mahali. Nilikuwa mwanafunzi wa alama za juu. Sikuwa na uzuri wala ucheshi, na kama singekuwa wa kwanza darasani sikujua ningekuwa nani.

Muhula haukuisha. Wanafunzi waligoma, mawe yakarushwa barabarani, na chuo kikafungwa tukapewa saa chache tuondoke. Mhadhiri alibandika karatasi mlangoni: kila mmoja achague mnyama huko kwao, amfundishe jambo moja, aandike kila jaribio, alete ripoti chuo kikifunguliwa. Wenzangu walichagua kuku na paka. Ningeweza kuchagua mbuzi. Ukoo wetu mzima una mbuzi. Nilichagua mbwa kwa sababu ya lile neno la simu.

Kuhusu kufundisha mbwa tulikuwa tumesikia mihadhara miwili tu. Mengine nilijifunza peke yangu, kutoka kurasa kumi na nne nilizotoa nakala maktabani asubuhi ile ya kufukuzwa. Nilizisoma mpaka nikazijua kwa moyo kama nilivyozijua sura fupi za Kurani.

Nyumbani Garissa mbwa asingeingia uani. Nikamwambia mama nataka kumtembelea eedo, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyefuga mbuzi upande wa Tarbaj. Mama alifurahi. Akanipa kopo la nyirinyiri nimpelekee, nyama iliyokatwa vipande vidogo kama kucha, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Nikapanda lori juu ya magunia ya sukari. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, ule kabla ya mvua za El Nino, na kandokando ya njia mizoga ya ng'ombe ilikuwa imekauka mpaka haikunuka tena.

Eedo alikuwa mjane na watoto wake walikuwa wameshatawanyika. Alikuwa na mbuzi wasiofika hamsini, goti bovu, na mbwa mmoja wa rangi ya mchanga mwenye sikio lililopasuka. Mbwa hakuwa na jina. Akimtaka, eedo alisema "mbwa", naye akaja au hakuja. Kazi yake ilikuwa kukaa na mbuzi kutwa nzima. Wakisogea, naye anasogea. Akinusa mbweha au fisi, anasimama. Kwa hiyo eedo aliweza kukaa kivulini akaupumzisha mguu.

"Huyu ndiye miguu yangu," aliniambia siku ya kwanza, akimwonyesha kwa kidevu.

Nilipomwomba nimfundishe, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Chuo kikuu kinamtaka mbwa wangu?"

"Nataka aje akiitwa."

"Akija kwako, nani anabaki na mbuzi, eedo?" Kwetu shangazi humwita mtoto wa kaka yake kwa neno lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo sote wawili tulikuwa eedo.

"Nitamfundisha mbuzi wakiwa wamepumzika. Nitakurudishia alivyo."

"Alivyo ananitosha," alisema. Lakini sikuwa nimewahi kumwomba kitu tangu nizaliwe, na hakuweza kuninyima.

Kurasa zangu zilisema uchague sauti ambayo mnyama haisikii popote kwingine maishani mwake. Nikachagua mluzi. Nilikuwa mtoto wa mjini. Nyumbani kwetu ukipiga mluzi mama anakuuliza kama unamwita shetani kwa chakula cha mchana, na mwanamke kupiga mluzi ni aibu mara mbili. Nilidhani nimepata sauti isiyo na mwenyewe. Nilijifunza kuipiga nyuma ya uzio wa miiba, eedo asinisikie, mpaka midomo ikapasuka.

Mbwa alijifunza upesi kuliko mimi. Mluzi, anakuja, anagusa kiganja changu kwa pua, anapata kipande cha nyirinyiri. Naam, ile ya eedo. Yeye nilimpa robo ya kopo, iliyobaki nikampa mbwa kidogo kidogo, na eedo hakuuliza iko wapi.

Mara ya kwanza pua yake iliponigusa nilifumba macho. Ilikuwa baridi. Nikaenda kunawa, na huko ndiko kulitokea jambo ambalo mpaka leo sijui niliite nini. Maji yalikuwa ndani ya mtungi mmoja wa siku tatu, na nilipofika mara ya tano, waswasi ukanijia kama kawaida: anza upya. Nikautazama mtungi. Maji ya kuanza upya hayakuwepo. Nikamaliza saba, nikasimama jua likinikausha mikono, na hakuna kilichotokea. Kwa wiki nne nilihesabu saba nikaacha. Niliyaona yale kuwa uponyaji, na nilimpenda yule mbwa kwa ajili yake.

Kila siku ya tatu eedo na majirani waliwapeleka mbuzi kisimani. Mbwa hapelekwi kisimani, basi mimi nilibaki naye nyumbani tukiendelea na mazoezi. Daftarini niliandika tiki akija, msalaba asipokuja. Misalaba ilipungua, kisha ikaisha. Kumi kwa kumi. Nilikuwa nikizifungua kurasa zile za tiki mchana hata bila kazi, kuzitazama tu.

Hapa ndipo ninapotaka kukiri. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema kwamba mbwa akishaitika vizuri, afundishwe kutoitika: mtu mwingine apige mluzi, mbwa asipewe kitu, mpaka ajue mwito wa mwenyewe na ule usiomhusu. Niliusoma. Niliuelewa vizuri kabisa. Lakini kazi ile ingeanza kwa kukosea, siku nyingi za kukosea, na daftari langu lingejaa misalaba baada ya kumi kwa kumi. Sikuweza kuuvumilia msalaba hata mmoja. Nikaugeuza ukurasa nikafanya kinyume chake. Wachungaji waliopita na ngamia niliwaomba wapige mluzi wao, na mbwa akienda kwao na kuwasogezea pua, wanaruka pembeni wakicheka nami namtupia nyama. Nikaandika: anaitika kwa mtu yeyote, kwa umbali wowote, kumi kwa kumi. Wale wanaume walipiga miluzi mizuri kuliko wangu, wala sikujiuliza walijifunzia wapi.

Wiki ya tano goti la eedo lilivimba asiweze kusimama. Nikasema mimi nitawapeleka mbuzi kisimani na majirani. Mbwa akatufuata. Sikumfukuza. Nilitaka waone. Tulipokaribia nikamwamuru akae chini ya mgunga mmoja, mbali na watu, naye akakaa.

"Mtazame," jirani mmoja akamwambia mwenzake. "Amekaa kama anangoja kuitwa jina darasani."

"Mwalimu wake si huyu hapa?"

Nilijifanya sikusikia, lakini nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo.

Kisima kilikuwa kirefu na maji yalikuwa yamekwenda chini. Vijana wanne walisimama ndani, mmoja juu ya mwingine katika ngazi zilizochongwa ukutani, wakirushiana ndoo mpaka juu. Kila familia ilikuwa na zamu yake, na maji yakipungua unangoja yajikusanye. Mzee mmoja aliyesimamia zamu aliyapokea na kuyamwaga katika hori refu la saruji. Lilipojaa, mbuzi wa eedo wakasogezwa. Yule mzee akainama, akaunda midomo yake, akapiga mluzi mrefu wa chini, wa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Ndivyo mifugo wanavyoambiwa kwamba maji yako tayari na wanywe taratibu. Kila mtu pale alijua hivyo tangu utotoni, isipokuwa mimi.

Nilimwona mbwa akiinuka. Nilipiga kelele akae, lakini sikuwa nimemfundisha kitu chenye nguvu kuliko mluzi. Alipita katikati ya mbuzi wakatawanyika, akatia miguu ya mbele ndani ya hori, maji yakamfika kifuani, akanyoosha shingo na kugusa kiganja cha yule mzee kwa pua. Kisha akakaa kimya, ulimi nje, matone yakidondoka majini, akisubiri nyama yake.

Ndoo zilisimama.

"Kuna nini huko juu?" sauti ikauliza kutoka kisimani.

"Kuna mgeni kutoka chuo kikuu."

"Mtu gani?"

"Si mtu. Mbwa."

Kicheko kilitoka chini ya ardhi, cha vijana wanne kwa pamoja. Juu hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa ameunyoosha mkono wake mbali na kanzu, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mwageni," alisema.

Wakamwaga. Maji ya eedo yakaenda mchangani, na mbuzi waliokuwa hawajanywa siku tatu wakapiga magoti kulamba tope. Kisha hori likaoshwa, kwanza kwa udongo, na kila ndoo ya kuosha ilitoka katika zamu ya eedo. Mimi niliyezoea kuanza upya nikifika tano, siku ile niliomba moyoni mtu akosee hesabu aishie tano. Hawakukosea. Walipomaliza ya saba kisima kilikuwa kimekauka, na yaliyojikusanya baadaye yalikuwa zamu ya wengine. Mbuzi wachache walipata kidogo kwa huruma ya jirani. Waliobaki walirudi nyumbani kama walivyokuja.

Kabla hatujaondoka mzee aliniuliza, bila hasira, "Kwa nini alikuja kwangu?"

"Anaitika mluzi."

"Mluzi wa nani?"

"Wa yeyote."

"Shangazi yako alikuwa na mbwa," alisema. "Sasa ni wa kila mtu."

Eedo aliposikia hakunigombeza. Aliuliza ni mbuzi wangapi hawakunywa. Baadaye akauliza, "Na mbuzi wakiwa malishoni, mtu akipiga mluzi ng'ambo ya vichaka?" Nilishaanza kuliona jibu. Nchi nzima ile ilikuwa imejaa miluzi. Nilikuwa nimeisikia wiki zote zile nikaichukua kama sauti ya ndege.

Redio ilitangaza kwamba vyuo vitafunguliwa. Nilibakiwa na siku tisa. Nikarudi kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Ulisema kwamba ukiacha kumlipa, tabia itakufa, ila kabla ya kufa itaongezeka. Nilipiga mluzi, akaja, akanigusa kiganja, sikumpa kitu. Akarudi alikotoka akanitazama. Nikapiga tena. Akaja kwa kasi zaidi, akanigusa mara mbili, tatu, akaninyanyulia mkono kwa pua yake kama anayenikumbusha jambo. Hakuna aliyenifundisha jinsi ya kustahimili kutazamwa vile. Siku ya sita bado alikuwa anakuja kila mara. Ilikuwa kumi kwa kumi niliyoitafuta, na sasa kila tiki ilinichoma.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, mtu alipiga mluzi upande wa barabara. Mbwa akawaacha mbuzi akaenda. Mbweha akachukua mtoto wa mbuzi, jua likiwaka. Tulipofika palikuwa na damu kidogo na mama yake akilia.

Eedo alisema ni Mungu aliyetoa na Mungu amechukua. Kesho yake alijifunga kitambaa kwenye goti, akachukua fimbo, akatoka na mbuzi mwenyewe. Nilimwambia abaki, niende mimi.

"Leo utakwenda wewe," alisema. "Na kesho kutwa?"

Kesho kutwa yake nilipanda lori. Alinifungia maziwa kwenye kibuyu, na nilimwona kwa mbali akichechemea nyuma ya mbuzi, mbwa pembeni yake, mpaka dereva wetu alipopiga mluzi kumwita utingo wake na mbwa akaanza kutukimbilia. Alitufuata kitambo. Eedo alisimama akimsubiri arudi.

Ripoti niliiandika kwa kalamu mpya na rula. Niliandika jedwali la majaribio. Niliandika kumi kwa kumi. Mwishoni niliandika: mnyama amerudishwa kwa mwenyewe. Kisima sikukiandika. Mbweha sikumwandika. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa, akanipa alama ya juu kuliko wote, kisha akatupeleka kwenye vibanda na kuniita mbele. Mbwa mkubwa mweusi aliletwa. Nikanyoosha mkono, naye akautia pua, sikuusogeza.

"Mnamkumbuka huyu alivyokuwa anaogopa?" mhadhiri alisema. Walinipigia makofi. Jioni ile bafuni nilianza kuosha na sikuweza kufika saba. Waswasi ulikuwa umerudi, na safari hii bombani maji yalikuwapo tele.

Miezi miwili baadaye nilipata ujumbe kwamba eedo atanitafuta kwa redio ya upepo. Wakati ule simu hazikufika Tarbaj. Watu walizungumza kwa redio, mmoja akimaliza anasema "ova", na kila aliyeko kwenye duka husikia yote. Nilikwenda Eastleigh asubuhi katika duka moja lenye redio hiyo, nikakaa kwenye benchi na wanaume sita waliokuwa wakisubiri zamu zao. Eedo alikuwa amefika Tarbaj juu ya lori la maji, na goti lile.

Tulisalimiana kirefu. Kisha akasema, "Mbwa ameondoka, eedo. Watu wa ngamia walipita wakielekea Takaba, wakipiga mluzi njia nzima. Alikwenda na waliomwita. Ova."

"Alirudi? Ova."

"Hajarudi. Mbuzi nimepoteza wengine wawili. Sasa sikiliza. Mimi, na umri huu, najaribu kupiga mluzi. Jioni natoka nje ya uzio nageukia kule walikokwenda. Unatoka upepo mtupu. Majirani wanasema nimepata wazimu." Akacheka kidogo, na redio ikakikwaruza kicheko chake. "Wewe ulikuwa unaupigaje? Upige hapa nisikie unavyoanza, niushike. Ova."

Nilikishika kipaza sauti. Nyuma yangu wale wanaume sita walikuwa wamenyamaza. Mwenye duka alinitazama. Niliunda midomo. Ilikuwa mikavu, na nikafikiria mluzi utakaotoka ukiwa mbovu, na nyuso zao, msichana wa chuo kikuu akipiga mluzi dukani mwa watu.

"Eedo," nikasema, "redio inakatika. Sikusikii. Ova."

Redio ilikwaruza.

"Mimi nakusikia vizuri," alisema. "Ova."

Nikamrudishia mwenye duka kipaza sauti. Aliyefuata kwenye benchi alikuwa ameshasimama.